Kivoi wa Kitui, Shujaa Aliyekuwa na Watumwa

Somo: Mwanzo 37:12–36

Wiki hii nimewaletea maisha ya mtu wa hapa nyumbani, Kivoi wa Mwendwa. Jina lake tulilisikia shuleni, wa Mwingi na wa Kibwezi. Lakini kuna mahali katika habari zake ambapo tukifika, huwa tunaruka haraka. Leo sitaruka.

Kivoi alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Kitui katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Misafara yake ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, ikikata nyika kavu, kisha ikarudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Watu walimsikiza, na wageni waliotaka kupita Ukambani walimtafuta yeye kwanza.

Mgeni mmoja alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Rabai mwaka wa 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Mwishoni mwa 1849 Krapf alipanda kutoka pwani, akapita Kikumbulyu upande wa Makueni, akavuka Yatta, akafika kwa Kivoi. Kivoi akamweleza juu ya mlima mkubwa mweupe, na tarehe 3 Desemba Krapf akauona kwa macho yake. Jina alilolipata kwa Wakamba na kuliandika ndilo hili tunaloliita nchi yetu, Kenya.

Mwaka wa 1851 Krapf alirudi. Wakasafiri pamoja kuelekea mto Tana, lakini kabla hawajafika wakavamiwa na wanyang'anyi, na Kivoi akauawa. Krapf alitorokea porini, akateswa na kiu, na alipofika mtoni akajaza maji hata kwenye mtutu wa bunduki. Watu wa Kivoi wakamlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, ikambidi awakimbie usiku.

Hiyo ndiyo hadithi tunayoipenda. Sasa sikia upande wa pili: katika kundi lililomtumikia Kivoi walikuwemo watumwa.

Hapo ndipo mabishano huanza. Nimeyasikia nje ya kanisa baada ya ibada, nimeyasikia matangani. Mmoja anasema utumwa ulikuwa wa watu wa pwani, sisi tuliuza pembe tu. Mwingine anasema vita vya wazee vilikuwa vya ng'ombe. Kama kuna aliyetekwa, hayo yalikuwa matokeo ya vita, siyo sababu yake.

Kuna ukweli hapo, tusikatae. Mali kubwa ya misafara ya Ukambani ilikuwa pembe, na Wakamba na Wamaasai walinyang'anyana mifugo kweli. Tena mateka wengi, hasa wanawake na watoto, waliingizwa katika koo zetu wakawa watu wa nyumbani. Lakini hebu fikiria, mpendwa. Siku mateka anapopata bei, vita vinabadilika. Anayepigania ng'ombe anaweza kumwacha mtoto wa jirani aende zake. Akijua kuna mnunuzi, hamwachi. Na kesho atarudi kwa ajili ya mtoto huyo, hata kama hakuna ng'ombe. Kwa hiyo mimi naona hivi: utumwa haukuanzisha kila vita, lakini uliipa vita sababu ya kutokwisha.

Hata Rabai yenyewe nusura iingie vitani. Watumwa waliotoroka walikimbilia vituo vya misheni, na mwaka wa 1888 mabwana zao wa pwani wakawaka hasira. Kampuni ya Waingereza iliyotawala wakati ule ikalipa fidia, na mwanzoni mwa 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Angalia lakini: pesa zililipwa mabwana. Sheria ya kuufuta utumwa huko pwani ilikuja mwaka wa 1907.

Na tusijione tulikuwa upande mmoja tu. Katika njaa kubwa ya 1899 hivi, ile wazee waliyoiita Yua ya Ngomanisye, wanawake na watoto wa Kikamba walipelekwa kwa majirani ili wengine wapate chakula. Tulipokea watu wa wenyewe, na wetu wakapokewa.

Sasa turudi kwenye somo. Ndugu waliomuuza Yusufu kwa vipande 20 vya fedha ndio hao hao ambao makabila ya Israeli yanaitwa kwa majina yao. Biblia haikuwafuta. Haikuficha bei wala kanzu iliyochovywa damu. Miaka mingi baadaye, njaa ilipowafikisha Misri, walikumbuka jinsi ndugu yao alivyowalilia nao wakakataa kusikia. Uponyaji wa nyumba ile ulipitia kukumbuka.

Kwa nini nasema haya leo? Kwa sababu bado kuna watu tunaoimba nao kwaya ambao nyanya ya nyanya yao alikuja Ukambani akiwa ametekwa au amenunuliwa wakati wa njaa. Watu wanajua. Siku ya kugawa shamba, au mbuzi wa ntheo wanapojadiliwa, mtu anainama kwa jirani na kunong'ona kwamba hawa si wa ukoo. Ndugu yangu, dada yangu, ulimi huo unamuuza mtu mara ya pili.

Basi tumheshimu Kivoi kwa ujasiri wake na kwa kumpokea mgeni. Watoto wetu wajue ni nani aliyemwonyesha Krapf njia. Lakini wajue pia kwamba nyumbani kwake walikuwepo watu ambao majina yao hatukuwekewa. Mungu anayajua.

Tuombe: Baba, tupe ujasiri wa kusema ukweli juu ya wazee wetu bila kuwadharau. Ondoa mnong'ono katika nyumba zetu. Aliyeitwa mgeni aketi mezani kama mtoto wa nyumbani. Katika jina la Yesu, amina.