Bwana Gunter na Heka ya Dakawa

Nimeombwa kuandika habari za mtu mashuhuri aliyekufa zamani. Wenzangu hupenda wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua padri mmoja wa Kiingereza, Edmund Gunter, na sababu yake ni jambo lililotupata nyumbani.

Msimu uliopita mama yangu alikodi shamba la mpunga hapa Dakawa, heka mbili. Kwa desturi yetu heka moja ni hatua 70 kwa 70, na aliyezipiga hatua hizo ni mwenye shamba mwenyewe, ambaye ni mtu mfupi. Mama akalipa kodi ya heka mbili, akanunua mbegu na mbolea ya heka mbili. Mbegu zikabaki, na magunia yakawa machache kuliko tulivyotazamia. Ndipo nilipochukua futikamba nikaenda kupima. Hatua ya yule bwana ni sentimita 80. Shamba lilikuwa na mita 56 kwa 112, yaani heka moja na nusu na kidogo tu juu yake. Mwalimu wetu wa hesabu alipoliona daftari langu, akanituma nimsome Gunter.

Gunter alizaliwa mwaka 1581 katika jimbo la Hertfordshire, Uingereza, na baba yake alikuwa mtu wa asili ya Wales. Alisoma katika shule ya Westminster, kisha Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1615 akawa padri wa kanisa la Mtakatifu George huko Southwark, kando ya London. Lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu, hasa hesabu za vyombo vya kushika mkononi.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1619 aliitwa na tajiri mmoja mwenye elimu, Sir Henry Savile, aliyekuwa akitafuta mtu wa kufundisha jiometri Oxford. Gunter akaja na vyombo vyake vya kupimia, akavitandaza, akaanza kuonyesha jinsi vinavyofanya kazi. Savile alivitazama akaona ni michezo ya kiinimacho, si jiometri, na kazi ile akampa Henry Briggs. Nadhani wengi wetu tungerudi nyumbani tukavitupa vyombo vile. Gunter hakuvitupa, wala hakumchukia Briggs, maana walikuwa marafiki. Muda si mrefu akapata kazi ya kufundisha elimu ya nyota katika Chuo cha Gresham, London, akakaa hapo mpaka kufa.

Mwaka 1620 alitoa kitabu cha majedwali ya logarithimu za sini na tanjenti. Neno kosini, ambalo hututoa jasho katika mitihani, ndiye aliyelibuni. Mwaka 1622 alipima mwelekeo wa sindano ya dira karibu na London, akakuta imehama nyuzi kadhaa tangu ilipopimwa mwaka 1580. Akadhani wa kwanza walikosea. Kumbe sindano yenyewe husogea mwaka hata mwaka, na jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1634, yeye akiwa amekwisha kufa.

Lakini wapima ardhi wamjua kwa mnyororo wake, aliouandika katika kitabu cha mwaka 1623. Wakati ule ekari ya Waingereza ilikuwa kipimo cha wakulima: eneo ambalo jozi ya maksai huweza kulilima kwa siku moja. Walilipima kwa fito za futi 16 na nusu, na ile nusu iliwasumbua sana katika kuzidisha. Gunter angeweza kusema fito zitupwe na ekari ibadilishwe. Badala yake alifanya mnyororo wenye urefu wa fito nne, yaani futi 66, akaugawa pete 100. Pima urefu kwa minyororo, pima upana, zidisha, gawa kwa kumi: hizo ndizo ekari. Mkulima alibaki na kipimo cha babu yake, na karani akapata hesabu ya makumi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu la wale wanaouliza kwa nini dunia haijaafikiana juu ya vipimo hata leo. Ekari ilikwisha kuwa rahisi, basi kwa nini iachwe? Mnyororo ukavuka bahari. Marekani ilipoanza kugawa ardhi yake kwa sheria ya mwaka 1785, iligawa kwa maili na ekari, na maili moja ni minyororo 80 kamili. Kipimo kikiisha kuandikwa katika hati za mashamba na kuwekewa mawe ya mpaka, kukiondoa ni kuandika hati zote upya. Ufaransa ilitunga mita na hekta mwaka 1795, lakini raia wake wenyewe waling'ang'ania vipimo vya kale, hata sheria ikawalazimisha kabisa tangu Januari 1, 1840.

Nasi tumepitiwa na wote. Wajerumani walikuja na hekta. Waingereza wakaja na ekari. Baada ya Uhuru nchi yetu ikashika mita na kilo. Basi leo shamba la umwagiliaji la Dakawa huandikwa kuwa hekta 2,000, lakini mkulima akodiye humo huhesabu heka, na heka hiyo si hekta hata kidogo: ni ekari ya Gunter iliyobadili jina. Hatua 70 kwa 70, kama kila hatua ni yadi moja, hukaribia ekari sana. Kama hatua ni mita, heka huzidi kwa moja ya tano. Kama hatua ni ya mtu mfupi, mmekwisha kusikia.

Gunter alifariki Desemba 10, 1626, akiwa na umri wa miaka 45 hivi.

Mimi nimekata kamba ya katani ya mita 20 na sentimita 12, ndio urefu wa mnyororo wake, nikaifunga mafundo tisa katikati ili iwe na sehemu kumi sawasawa. Msimu huu tulikwenda nayo shambani. Tukapima minyororo mitano kwa minne, ikawa ishirini, tukagawa kwa kumi. Yule bwana alikuwa amekwisha kupiga hatua zake na kuchomeka vigingi. Alibishana na mama kwa muda mrefu, akaipima kamba kwa mikono yake mara mbili, mwisho akang'oa kigingi kimoja na kukisogeza. Heka zetu sasa ni mbili kamili, ila kodi ya kila heka ameipandisha.