Roberto Clemente, mchezaji aliyekataa kubadilishiwa jina kazini

Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, Marekani inaanza mwezi wa kusherehekea urithi wa raia wake wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania. Katika ofisi na viwanda, wafanyakazi wanaleta vyakula vya kwao, wanavaa mavazi ya kwao na kuwaelezea wenzao walikotoka wazazi wao. Siku hiyohiyo, wachezaji wengi wa besiboli wanaingia uwanjani na namba 21 mgongoni. Ni namba ya Roberto Clemente, mtu aliyefanya kazi Marekani wakati ambapo kuonyesha asili yako kazini kulileta kicheko, si sherehe.

Clemente alizaliwa tarehe 18 Agosti 1934 huko Carolina, katika kisiwa cha Puerto Rico. Kisiwa hicho kiko chini ya Marekani tangu mwaka wa 1898, na wakaaji wake ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini lugha ya nyumbani ni Kihispania. Baba yake, Melchor, alikuwa msimamizi katika mashamba ya miwa. Roberto alikuwa kitinda mimba wa familia kubwa. Kama vijana wengi wa kisiwa chake, alipenda besiboli, mchezo ambamo mtu anapiga kwa fimbo mpira mdogo uliorushwa kwa nguvu, kisha anakimbia kabla wapinzani hawajaurudisha.

Kufikia mwaka wa 1952 alikuwa tayari katika timu kubwa ya nyumbani, Cangrejeros ya Santurce. Mwaka wa 1954 timu ya Brooklyn Dodgers ilimwajiri na kumtuma Montreal, nchini Kanada. Mwisho wa mwaka huo alichukuliwa na Pittsburgh Pirates, timu ya mji wa viwanda vya chuma iliyokuwa ikishindwa kila msimu. Hapo alibaki miaka 18, hadi kifo chake.

Alipofika, alikutana na kuta mbili. Ya kwanza ni rangi ya ngozi. Timu ilifanyia mazoezi yake ya kila mwaka Fort Myers, jimboni Florida, ambako sheria za ubaguzi zilikuwa bado na nguvu. Wachezaji weupe walilala hotelini. Weusi walipangiwa nyumba za familia za watu weusi, na njiani walingojea ndani ya basi huku wenzao wakila mgahawani. Kwao Puerto Rico, Clemente hakuzoea mambo ya namna hiyo. Aliwaendea viongozi wa timu akadai wachezaji weusi wapewe gari lao, ili wasafiri na kula kwa heshima. Gari lilitolewa.

Ukuta wa pili ulikuwa lugha. Clemente alisema Kiingereza chenye lafudhi ya kwao. Baadhi ya waandishi wa habari waliandika maneno yake jinsi yalivyosikika, kosa juu ya kosa, na wasomaji wakacheka. Mtu aliyefikiri kwa kina alionekana gazetini kama mjinga. Tena, mwisho wa mwaka wa 1954 gari lingine lilikuwa limegonga gari lake, na mgongo wake ulimuuma miaka yote iliyofuata. Aliposema anaumwa, wengine walimwita mvivu anayejifanya mgonjwa.

Kisha likaja jambo la jina. Watangazaji na waandishi waliona Roberto ni jina la kigeni mno, wakaanza kumwita Bob. Kadi zenye picha za wachezaji, ambazo watoto wa Marekani walinunua na kukusanya, ziliandika Bob Clemente kwa miaka mingi. Kwa wengine lilionekana jambo dogo, labda hata dalili ya urafiki. Yeye aliona kwamba anaombwa kuacha mlangoni jina alilopewa na wazazi wake ndipo akubaliwe ndani. Alikataa. Kila mara alirudia kwamba anaitwa Roberto.

Msimamo huo ungesahauliwa haraka kama kazi yake ingekuwa dhaifu. Mwaka wa 1960 Pirates waliwashinda New York Yankees katika fainali ya mechi saba, na Clemente alipata pigo safi katika kila mechi. Hata hivyo, waandishi walipompigia kura mchezaji bora wa ligi, walimweka katika nafasi ya nane. Iliyoshika nafasi ya kwanza ni mwenzake wa timu, Dick Groat. Clemente aliona hiyo ni dharau, na hakuficha uchungu wake. Alijibu kwa fimbo. Alikuwa mpigaji bora wa ligi yake mwaka wa 1961, 1964, 1965 na 1967, na mwaka wa 1966 tuzo ya mchezaji bora ilimfikia. Kwa ulinzi wake upande wa kulia wa uwanja, alipata tuzo ya Gold Glove mara 12 mfululizo.

Kadiri sifa zake zilivyoongezeka, ndivyo alivyosimama kwa ajili ya wengine. Alisema waziwazi kwamba wachezaji kutoka Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibea hawapewi heshima sawa na wenzao. Aliwapokea vijana waliofika bila kujua Kiingereza. Martin Luther King alipouawa mwezi wa Aprili 1968, Clemente alikuwa mstari wa mbele kati ya wachezaji wa Pirates waliokataa kucheza kabla ya mazishi.

Matunda yalionekana tarehe 1 Septemba 1971. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika ligi kuu, Pirates walianza mechi na wachezaji tisa ambao wote walikuwa weusi au wenye asili ya Kilatini. Pamoja na Clemente walikuwemo Manny Sanguillén na Rennie Stennett wa Panama, na Jackie Hernández wa Kuba.

Mwezi uliofuata timu ilishinda fainali dhidi ya Baltimore Orioles, na Clemente akachaguliwa mchezaji bora wa fainali hiyo. Mbele ya kamera za televisheni, nchi nzima ikimtazama, alianza kwa Kihispania: aliwasalimu wazazi wake huko Puerto Rico na kuwaomba baraka. Kiingereza kilifuata baadaye. Kwa familia nyingi zilizozoea kunong'ona lugha yao mbele ya wakubwa wa kazi, dakika hiyo ilikuwa na uzito kuliko kombe.

Tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha pigo lake la 3,000. Halikufuatwa na lingine katika msimu wa kawaida. Tarehe 23 Desemba tetemeko la ardhi liliharibu Managua, mji mkuu wa Nicaragua, ambako alikuwa amekaa majuma machache mbele akiongoza timu ya Puerto Rico. Alikusanya chakula na dawa. Aliposikia kwamba misaada inanyakuliwa na watu wa utawala wa Somoza, aliamua kuisindikiza mwenyewe. Usiku wa tarehe 31 Desemba, ndege kuukuu iliyobeba mizigo kupita kiasi ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Wote watano waliokuwemo walikufa. Sanguillén alizama baharini pamoja na wapiga-mbizi kumtafuta rafiki yake, lakini mwili wa Clemente haukupatikana. Alikuwa na miaka 38. Aliacha bibi yake, Vera, na watoto watatu wa kiume.

Kwa desturi, mchezaji anangojea miaka mitano kabla ya kuingizwa katika jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown. Kwake sharti hilo liliondolewa, na mwaka wa 1973 akawa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kuingizwa humo. Lakini kibao cha shaba kilimwandika Roberto Walker Clemente. Katika desturi ya Kihispania, jina la baba linatangulia na la mama linafuata. Walker ni jina la ukoo wa mama yake, Luisa, na lilipaswa kuwa mwisho. Kosa hilo lilibaki ukutani miaka 27. Mwaka wa 2000 kibao kipya kiliwekwa, na jina likasomeka kama lilivyosomeka nyumbani kwao Carolina: Roberto Clemente Walker.