LEONHARD EULER, MUTU WA MADARAJA SABA



Kwa namba hii tuliombwa kuandika maisha ya mutu mwenye jina kubwa, ule amekwisha kufa zamani. Wengine walitaka mufalme, wengine mucheza mpira. Sisi tumechagua mutu wa hesabu, na hatukumuchagua bure. Sababu iko hapa Kikula, ku kiwanja chetu, nyuma ya kalasi, chini ya muembe.

Mnajua wote ile mambo ya bahasha. Mukubwa mumoja (jina lake hatutaje) alikuwa anachora mu mchanga bahasha yenye kufungwa: pembe ine, mistari ine ya kando, na mistari miwili ya kukatizana katikati. Kisha anaambia wadogo: chora hii pasipo kuinua kidole na pasipo kupita mara mbili ku mstari mumoja, ukiweza, nakupa faranga 1000, ukishindwa, unanipa 200. Watoto walilipa. Kuko mumoja alilipa feza yake yote ya vitumbua ya juma nzima, na siku ya Ijumaa alikaa kalasi na njaa, tena na haya.

Na sisi kapita? Tulipita pale, tukacheka. Tuliwaambia wakaze akili, kwani ni sawa na michezo ya ku telefone: nivo ya 40 inashinda ya 39 kwa ugumu, lakini mwenye kukaza atafika. Ilikuwa uongo, ijapokuwa hatukujua. Mutu wa kutusahihisha alikufa mwaka 1783.

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 ku muji wa Basel, katika Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti, na mutoto alikomalia ku kijiji cha Riehen kule baba alikuwa na kanisa. Baba alitaka mutoto naye awe mchungaji. Alimuingiza ku chuo kikubwa na miaka 13 tu. Lakini kule Basel kulikuwa mwalimu mukubwa wa hesabu, Johann Bernoulli, mutu mukali, hakuwa na wakati wa kufundisha kila mutoto. Alimupa Euler vitabu vigumu asome peke yake, na kila Siku ya Posho alasiri amuletee yale yaliyomushinda. Kijana akaona haya kuleta maulizo mengi, akajikaza kuyapunguza kabla siku kufika. Bernoulli mwenyewe njo alikwenda kusema na baba, na baba akamuachilia.

Mwaka 1727 akasafiri mupaka Urusi, ku Sankt-Peterburg. Pale akaoa Katharina Gsell mwaka 1734. Walizaa watoto 13, lakini 5 tu njo walipita utoto. Mwaka 1738 akapoteza jicho la kulia. Hayo tunayapita mbio, kwani tunataka kufika ku madaraja.

Kulikuwa muji mumoja, Königsberg, leo unaitwa Kaliningrad. Muto unaupita katikati na kufanya visiwa viwili, na zamani kulikuwa madaraja 7. Watu wa muji walikuwa na mchezo: kutembea na kupita ku kila daraja mara moja, si zaidi, na kutoacha hata moja. Hakuna aliyeweza, lakini hakuna aliyejua kama haiwezekani ao kama ni wao tu walikosa akili. Mukubwa wa muji wa Danzig, Carl Ehler, alimuandikia Euler juu ya hiyo. Mwaka 1736 Euler akamujibu kama hakuona sababu gani wanauliza mutu wa hesabu, kwani inaomba akili tu, haiombe hesabu. Lakini akaishika. Andiko lake lina mwaka ule 1736, ijapokuwa lilichapwa 1741.

Hakujaribu njia zote moja moja. Alitazama kila upande wa inchi na kuhesabu madaraja yanayofika pale. Ukipita mahali, unaingia kwa daraja moja na unatoka kwa lingine. Madaraja yanakwenda mawili mawili. Kama mahali pana madaraja 3 ao 5, moja linabaki pasipo mwenzake: sherti uanzie pale ao umalizie pale. Mwanzo ni mumoja, mwisho ni mumoja. Basi mahali pa namna ile hapawezi kupita pawili. Königsberg ilikuwa na pane: kisiwa kimoja na madaraja 5, sehemu ingine tatu na 3 kila moja. Imekwisha. Hata ungetembea miaka mia, hutaweza.

Sasa mukamate bahasha. Kila pembe inapokea mistari 3, na pembe ni ine. Ni Königsberg tupu! Lakini muongezee kipaa juu, mistari miwili, kama nyumba: pembe mbili za juu zinakuwa na mistari 4, zile za chini zinabaki na 3. Ziko mbili tu, kwa hiyo inawezekana, ukianzia chini. Tulichora hiyo ku tablo ya kalasi ya wadogo, na mutoto ule wa vitumbua aliimaliza mara ya kwanza. Mukubwa wetu amerudisha feza mbele yetu. Sisi pia tulisimama pale na kuwaambia wadogo kama tuliwadanganya.

Na musifikiri mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mwanzo wa karne ya 20, Emil Torday, mutu wa Hungaria, alifika kwa Wakuba kule Kasai. Aliona watoto wa Bushoong wamekaa chini wanachora mu mchanga, kwa mstari mumoja, michoro mikubwa yenye kufanana na ile ya nguo zao na ya miti wanayochonga. Walimuomba naye achore. Torday alikuwa musafiri mwenye kujua luga nyingi, lakini pale ni watoto waliomufundisha. Na Watshokwe, wale wako hata Dilolo, wana sona: wanapanga nukta mu mchanga, kisha kidole kinazizunguka kwa mstari, na hadithi inasemwa wakati ule ule.

Turudi ku ulizo la telefone, kwani liko linatusumbua: ugumu wa nivo una mwisho, ao unapanda tu? Kwa mchezo wa madaraja tunajibu kama una mwisho. Weka madaraja 7, weka 1000, kazi ni kuhesabu tu. Inakuwa ndefu, haikuwe ngumu. Siri imekwisha kujulikana.

Lakini geuza neno moja. Usiseme kupita ku kila mstari mara moja, sema kupita ku kila nukta mara moja. Euler alicheza na hiyo vilevile: mwaka 1759 alitoa andiko juu ya farasi wa sataranji kupita vyumba vyote 64, kila kimoja mara moja. Aliweza kwa farasi. Lakini kwa michoro yote, mupaka leo hakuna aliyepata kanuni ya mbio kama ile ya madaraja. Mwaka 1972 Richard Karp, wa Marekani, alionyesha kama fumbo hili liko mu kundi moja na mafumbo mengine mengi magumu: ukipata njia ya mbio kwa moja, umeipata kwa yote. Hakuna aliyeipata, na hakuna aliyeonyesha kama haiko. Pale, nivo zinaweza kupanda na hatuone kipaa.

Mwaka 1741 Euler alihamia Berlin, akakaa miaka 25. Alirudi Urusi 1766, na jicho la kushoto nalo likaanza kufunikwa. Mwaka 1771 nyumba yake iliungua. Fundi mumoja wa kwao Uswisi, Peter Grimm, alimubeba kutoka mu moto. Mwaka ule ule wakamupasua jicho, akaona kidogo, kisha akawa kipofu. Mutu wa hesabu pasipo macho! Lakini alikuwa anahesabu mu kichwa, na wengine wanaandika. Mwaka 1773 akaletewa Nicolas Fuss wa Basel kumusaidia, kijana wa miaka 18 kama sisi. Maandishi yake yote yanapita 800, na sehemu kubwa ni ya miaka ya giza.

Mu miaka ile njo alikosea, na sisi tunamupenda zaidi juu ya kosa hili. Alitoa fumbo la maofisa 36: makundi 6 ya askari, kila kundi na maofisa wa vyeo 6. Uwapange mistari 6 kwa 6, na kila mstari, wa kulala na wa kusimama, uwe na kila kundi na kila cheo. Kwa 3, 4 na 5 inawezekana. Kwa 6 Euler hakuweza, akasema haiwezekane, na akafikiri 10 na 14 nazo ni hivyo. Andiko lilitoka 1782. Juu ya 6, Mufaransa Gaston Tarry alihakikisha mwaka 1900 kama Euler alisema kweli. Lakini mwaka 1959 Bose, Shrikhande na Parker walionyesha kama 10 inawezekana, na 14, na zote za mbele. Nivo ya 6 imefungwa, ya 10 inafunguka. Nani angewaza hivyo?

Tarehe 18 Septemba 1783, Euler alizungumuza na rafiki juu ya njia ya nyota Uranus, ile ilitoka kuonekana miaka miwili mbele. Mangaribi damu ilipasuka mu kichwa, akafa. Alikuwa na miaka 76.

Kuhusu Königsberg: mabomu ya Vita ya Pili yaliangusha madaraja mawili, na kisha vita barabara kubwa ikachukua nafasi ya mawili mengine. Kama unahesabu njia ile kubwa kuwa daraja moja ku kila upande wa kisiwa, mahali penye 3 pamebaki pawili tu, nazo ni visiwa. Leo mutu anaweza kuifanya ile safari: anaanzia ku kisiwa kimoja na kumalizia ku kingine.