John Baskerville: Mchapaji aliyedaiwa kupofusha wasomaji

Na Mwandishi Wetu

MTU anayechagua aina ya herufi katika kompyuta yake huweza kukutana na jina Baskerville na kulipita bila kulijali. Ni jina la John Baskerville, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1706 katika kijiji cha Wolverley, ambaye herufi zake zilimla fedha nyingi kuliko zilivyomrudishia.

Alianza kwa kufundisha mwandiko mjini Birmingham na kuchonga maandishi ya makaburini. Utajiri aliupata baadaye, kwa biashara ya kupaka masinia na vyombo vingine rangi ya kung'aa. Alikuwa amepita umri wa miaka 40 alipogeukia uchapaji, akibuni herufi ambazo fundi wake, John Handy, alizichonga katika chuma.

Wakati huo Uingereza ilitawaliwa na herufi za William Caslon. Baskerville alivibakiza vile vikia vidogo kwenye ncha za herufi, lakini akavichongoa. Mistari minene akaizidisha unene na myembamba wembamba. Wembamba huo ungepotea kwenye karatasi yenye mikwaruzo. Kwa hiyo ikambidi arekebishe mtambo, apike wino mweusi zaidi, atumie karatasi laini, na kuzibana kurasa zilizokwisha kuchapwa kati ya mabamba ya shaba yenye moto. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka mwaka 1757.

Wachapaji wenzake hawakufurahi. Walidai kwamba mistari hiyo ingeyaharibu macho ya taifa zima. Mwaka 1760 Benjamin Franklin, naye mchapaji, alimsikia bwana mmoja akilalamika hivyo. Akachukua karatasi ya herufi za Caslon, akachana jina lililokuwa juu, akampa kana kwamba ni za Baskerville. Bwana yule alizionyesha kasoro zake moja baada ya nyingine!

Hata hivyo, kejeli ya Franklin haikuuza vitabu. Biblia ambayo Baskerville aliichapa Cambridge mwaka 1763, inayohesabiwa leo miongoni mwa vitabu vizuri kabisa vya karne ile, haikupata wanunuzi wa kutosha. Ajabu ni kwamba mchapaji huyo wa Biblia hakuwa na imani ya Kikristo. Alipofariki dunia Januari 1775 alizikwa bustanini kwake, akiwa amesimama wima, kama alivyoagiza.

Mjane wake, Sarah, aliziuza herufi hizo mwaka 1779 kwa Mfaransa Beaumarchais, aliyezitumia kuchapa maandishi ya Voltaire. Uingereza ilizisahau kwa zaidi ya karne moja, hadi kampuni ya Monotype ilipozifufua mwaka 1923.

Mwili wake ulifukuliwa mwaka 1821, ukahamishwa mara kadhaa. Vyuma vyake vya asili vilirejeshwa na Wafaransa mwaka 1953, vikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Cambridge.