Agano Lililojibiwa kwa Nusu Saa

William Miller alizaliwa mwaka 1782 huko Massachusetts, Marekani, akalelewa Low Hampton, New York, na mama mcha Mungu. Alipooa alihamia Poultney, Vermont, akapata marafiki waliokubali kwamba Mungu aliumba dunia, lakini wakakana kwamba anasikia maombi. Kwa miaka 12 Miller naye aliamini hivyo. Aliigiza hata jinsi babu yake mzaa mama na ami yake, wote wachungaji, walivyoomba, ili kuwachekesha wenzake.

Mwaka 1816 alimpokea Mwokozi na kuanzisha ibada ya familia nyumbani mwake. Marafiki wa zamani walipomdhihaki, aliichunguza Biblia aya kwa aya, akifungua aya moja kwa nyingine. Kufikia mwaka 1818 alisadiki kwamba Kristo angerudi karibu na mwaka 1843. (Habari ya hesabu hiyo na uchungu wa 1844, kila Mwadventista anaijua.)

Tangu hapo alisikia moyoni kwamba lazima auambie ulimwengu. Kwa miaka mingi maombi yake yakawa ya kutoa udhuru: yeye ni mkulima, hajui kuhutubu, Bwana amtume mwingine. Soma Kutoka 4:10-13. Mtu anaweza kuomba kila siku na bado akawa anamkimbia Mungu.

Jumamosi moja asubuhi, Agosti 1831, mzigo ule ulimlemea kuliko siku zote. Alipiga magoti akafanya agano: mtu akimwalika kuhubiri, atakwenda. Aliinuka akiwa ametulia, maana alikuwa anakaribia miaka 50 na hakuna aliyewahi kumwalika. Bila shaka alijiona amepata njia ya kuponyoka.

Haikupita nusu saa, mpwa wake akafika kutoka Dresden, mwendo wa maili 16 hivi. Kesho yake kanisa lao halikuwa na mhubiri. Baba yake alimtaka Miller aje aeleze habari za kuja kwa Bwana. Miller hakumjibu kijana. Alitoka nje kwa hasira, akijilaumu kwa lile agano, akaingia kwenye miti karibu na nyumba. Binti yake mdogo alimwona, akakimbia kumwambia mama kwamba baba ana shida.

Huko alishindana na Mungu kwa muda wa saa moja hivi, akisihi afunguliwe ahadi yake. Hakufunguliwa. Mwishowe alikubali, akaomba tu ategemezwe, na hapo furaha ikamjaa. Baada ya chakula cha mchana aliondoka na mpwa wake.

Jumapili, mara alipoanza kusema, hofu ilimwacha. Watu walimzuia akae juma zima, na katika familia 13 wote waliongoka isipokuwa watu wawili. Aliporudi nyumbani alikuta barua ya mchungaji mmoja ikimwomba aende kuhubiri Poultney.