Hindorf na miche 62: aliyeleta mkonge nchini

Ukipita Tarime au Serengeti utaukuta mkonge umesimama kwenye mpaka wa shamba kana kwamba ulikuwepo tangu enzi za mababu. Haukuwepo. Aliyeuleta nchini ni Mjerumani, Richard Hindorf.

Hindorf alizaliwa mwaka 1863, akawa mtaalamu wa kilimo na kufanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Alisoma habari za mkonge, mmea wenye asili ya Mexico, katika jarida la bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ya meli kupitia Hamburg iliua karibu yote. Mwaka 1893 miche 62 tu ilifika Tanga ikiwa hai.

Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba ya Tanga na Morogoro. Lakini tusimpe Hindorf sifa zote: waliofyeka, kukata na kubeba majani yale yenye miiba walikuwa Waafrika, baadhi yao kwa kulazimishwa.

Alifariki mwaka 1954, biashara ikiwa bado inanoga. Hakushuhudia miaka ya 1960, nchi yetu ilipozalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ya katani ikaporomoka.

Ajabu ni kwamba leo plastiki yenyewe inaihitaji katani. Plastiki peke yake hupinda na kupasuka upesi. Ukiichanganya na nyuzi za mkonge, plastiki hupitisha mzigo kwenye nyuzi, nazo nyuzi hubeba mvuto. Viwanda vya magari Ujerumani vimezitumia kwenye paneli za milango. Wanasayansi hufanya vivyo hivyo kwa vijineli vya kaboni, vyembamba mara maelfu kuliko unywele na vyenye nguvu kupita chuma cha pua.

Shida ya vyote viwili inafanana: kushikamana. Vijineli vya kaboni hupenda kujikusanya mabonge badala ya kutawanyika. Mkonge nao hunywa maji, ukavimba na kuachana na plastiki; ndiyo maana nyuzi zake huoshwa kwanza kwa magadi makali ya kiwandani, uso wake ukwaruzike, plastiki ipate pa kushika.