Dk. Christiaan Barnard: Alibadili moyo wa mtu, kinga ya mwili ikamshinda

Wazee wetu waliokuwa wakitega sikio redioni mwaka 1967 wanalikumbuka jina hili. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Dk. Christiaan Barnard alitoa moyo wa mtu mmoja akautia kifuani mwa mwingine. Dunia nzima ilishtuka. Wengi wanajua mpaka hapo tu. Kilichofuata ni vita vyake na askari asiyeonekana, kinga ya mwili, na vita hivyo vilimfuata mpaka kaburini.

Barnard alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 Beaufort West, mji mdogo wa nchi kavu Afrika Kusini. Baba yake alikuwa mhubiri katika kanisa la machotara, mshahara wake haba. Ndugu yake mmoja, Abraham, alifariki akiwa mtoto mdogo kwa maradhi ya moyo. Kijana alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha mwishoni mwa 1955 akenda Minneapolis, Marekani, kujifunza upasuaji wa moyo. Huko ndiko alikoambiwa habari mbaya: ana baridi yabisi. Maradhi haya si ya baridi hasa kama jina linavyosema. Ni kinga ya mwili kukosea adui, ikashambulia viungio vya mwenyewe. Daktari wa upasuaji, anayekula kwa vidole vyake, akaambiwa vidole vitakakamaa.

Hakukata tamaa. Akarudi kwao na mashine ya moyo na mapafu, akawa anajaribu upandikizaji kwa mbwa. Wakati huo Johannesburg ilikuwa imetangulia: mwaka 1966 madaktari wa Hospitali Kuu ya Johannesburg, wakiongozwa na Profesa Bert Myburgh, walipandikiza figo ya kwanza nchini humo. Barnard naye akapandikiza figo Oktoba 1967, ili timu yake izoee dawa za kutuliza kinga, kabla ya kuugusa moyo.

Mgonjwa wake wa kwanza wa moyo, Louis Washkansky, alikuwa na duka la vyakula. Moyo aliopewa ulikuwa wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Moyo ulipiga vizuri. Lakini ili mwili usiukatae, walimpa dawa kali za kuidhoofisha kinga, na kinga ikishalala, mlango uko wazi kwa kila kijidudu. Baada ya siku 18 alifariki kwa nimonia. Wa pili, Philip Blaiberg, aliishi miezi 19. Basi huo ndio mtihani: ukiiacha kinga, inaua moyo, ukiilaza, vijidudu vinaua mtu.

Umaarufu ukamvamia. Akaachana na mkewe, na mwaka 1970 akaoa binti wa tajiri wa Johannesburg, picha zake zikijaa magazetini. Hospitalini, shida ilikuwa nyingine: wagonjwa walikuwa wengi, mioyo haipatikani. Mwaka 1977 akaamua kujaribu mioyo ya wanyama. Aliuweka moyo wa mnyama kando ya moyo wa mgonjwa, usaidie kwa muda tu. Mwanamke wa miaka 25 alipewa moyo wa nyani. Ulikuwa mdogo, haukuweza kazi, ukazima baada ya masaa machache. Mwanamume mwengine alipewa wa sokwe. Baada ya siku nne mwili ukaukataa. Wote wawili walifariki. Barnard alieleza baadaye kwamba sokwe waliletwa wawili, na yule aliyebaki aliomboleza mwenzake kwa siku kadhaa. Hakutumia sokwe tena.

Kwa nini mwili unakataa? Kila chembe ina alama zake, kama kitambulisho. Sokwe na nyani ni karibu na sisi, kwa hiyo kinga inachukua siku kadhaa kuandaa jeshi. Nguruwe yuko mbali zaidi. Chembe zake zina aina ya sukari ambayo binadamu hana, na damu yetu tangu utotoni imeshabeba kingamwili za kuipinga, kwa sababu vijidudu vya tumboni vina sukari hiyo hiyo. Kiungo cha nguruwe kikiunganishwa na damu ya mtu, mishipa yake inaganda, kinaweza kuwa cheusi ndani ya dakika au masaa.

Huko Johannesburg, Profesa Myburgh alitumia miaka akichunguza nyani, akitafuta namna ya kuuzoesha mwili upokee kiungo kigeni bila dawa za maisha. Wengine walipita njia ya kumbadili mnyama mwenyewe. Januari 2022 kule Baltimore, timu aliyokuwemo Dk. Muhammad Mohiuddin, mzaliwa wa Pakistan, ilipandikiza moyo wa nguruwe aliyeondolewa sukari ile. Mgonjwa aliishi miezi miwili. Kwetu Waislamu linabaki suala la dharura na mipaka yake, na hilo tuwaulize wanazuoni.

Barnard hakuyaona hayo. Baridi yabisi ilimlazimisha kuweka kisu chini mwaka 1983, wakati ule ule dawa mpya, saiklosporini, ilipoanza kurefusha maisha ya waliopandikizwa. Tarehe 2 Septemba 2001, akiwa mapumzikoni Paphos, Saiprasi, alifariki akiwa na miaka 78. Watu walidhani ni moyo. Uchunguzi ukaonyesha ni pumu, nayo pia ni kinga iliyopitiliza mpaka.

Ukimwona jamaa aliyepandikizwa figo anameza vidonge vyake kila siku kwa saa ile ile, usimwambie apumzike siku moja. Askari yule halali.